Tulikwenda Amani Kuona Bustani ya Zamani

Mtu akisikia neno bustani huwaza maua yaliyopangwa mistari mbele ya nyumba, au mchicha na nyanya kando ya kisima. Lakini iko bustani moja katika Tanzania isiyo na mistari wala ukuta, nayo ni kubwa sana. Ukubwa wake ni kama hekta 300. Yaanzia bondeni kwenye mto Sigi, penye joto, yapanda mlima mpaka juu penye baridi na ukungu. Jina lake ni Amani, nayo iko katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga.

Kikundi chetu ni cha wakulima wa bustani, watu kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, kutoka upande wa Handeni. Twapeana mbegu, twatembeleana mashambani, na kila mwaka baada ya mavuno twaenda mahali fulani kujifunza. Mwaka huu tulichagua Amani. Nawaandikia habari za safari hiyo kwa sababu mambo tuliyoyaona huko yahusu chungu cha kila nyumba, yaani chakula chetu cha muhogo.

MICHE SITINI NA MIWILI

Tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi. Mama mmoja wa kikundi alikuwa na mzigo wa pingili za muhogo, ameufunga vizuri kwa kamba. Ilikuwa zawadi ya dada yake aliyeolewa Muheza. Tulikubaliana kuufikisha wakati wa kurudi, basi mzigo ukakaa nyuma ya gari.

Tulipopita Korogwe na Hale tukaona mashamba ya mkonge. Wengi hudhani mkonge ni mmea wa kwetu tangu zamani, lakini sivyo. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1000 kutoka Florida, Marekani. Njia ilikuwa ndefu, maana miche ilipitia Ujerumani kwanza. Ilipofika pwani ya Tanga, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa na kutunzwa, nayo ndiyo mwanzo wa mashamba makubwa yaliyolisha mkoa mzima kwa miaka mingi.

"Sitini na miwili!" akasema mzee mmoja. "Mimi nikipoteza nusu ya kitalu, jembe natupa."

"Ndiyo maana wewe huna shamba la mkonge, mzee," akajibu mwalimu, na sote tukacheka.

Kutoka mji wa Muheza mpaka Amani ni kama kilomita 35, na sehemu ya mwisho ni kupanda tu. Chini ya mlima ni mahali paitwapo Sigi. Hapo zamani palikuwa mwisho wa reli ndogo iliyojengwa kutoka Tengeni kwa ajili ya kuchukua mbao za msituni. Reli haipo tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ingalipo. Toka hapo njia yazunguka mlima kama nyoka. Miti ni mirefu mno, na hata saa sita mchana kivuli hakiondoki. Kila kona gari lilipunguza mwendo, nasi tukasikia maji yakianguka mawe kwa mawe.

BUSTANI YA KUJARIBIA

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianzisha kituo cha Amani mwaka 1902. Hawakukianzisha kwa ajili ya maua. Walitaka kujua ni mimea gani ya dunia ingeweza kustawi katika koloni lao na kuwaletea faida. Wakaleta mbegu kutoka Asia, Amerika na visiwa vya mbali, wakazipanda chini, katikati na juu ya mlima, ili waone kila mmoja wapenda hali gani ya hewa. Kazi ya kufyeka, kuchimba na kubeba ilifanywa na Waafrika, ingawa vitabu havikuandika majina yao.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole mwenye maneno machache. Alitupitisha chini ya mianzi minene kama paja la mtu, akatuonyesha mdalasini na mkafuri. Alichuma jani la mkafuri, akalivunja na kutupa tunuse. Akina mama wakasema mara moja kwamba ni harufu ya sanduku la nguo za harusi.

Kisha tukafika kwenye mti wa kwinini. Ni mti wa kawaida kwa macho, usio na fahari, lakini dawa imo katika magome yake machungu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na dawa za Ulaya hazikufika. Ndipo watu wa Amani wakatengeneza kwinini kwa magome ya miti hii, wakawapa askari wa Wadachi waliokuwa wakiugua malaria. Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916. Miaka mingi baadaye nyumba zile zile zikawa kituo cha kuchunguza malaria.

Kwenye mwamba wenye unyevu tuliona kimea kidogo chenye majani ya manyoya na ua la zambarau. Mwaka 1892 mkubwa wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona maua ya namna hiyo katika nchi hii ya Usambara, akapeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani. Leo hupandwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoyanunua hawajui kwamba kwao ni miamba ya Usambara. Nako kwao yanapungua, kwa kuwa msitu ukikatwa mwamba hukauka, na ua hufa.

MTI ULIODHARAULIWA

Sasa nifike kwenye habari ya muhogo.

Kila mkulima ajua ugonjwa wa batobato. Majani huwa na mabaka ya manjano, hukunjamana, shina hudumaa, na ukichimba wapata mizizi kama vidole. Mwaka 1894 ugonjwa huu ulikuwa umekwisha kuandikwa na mtaalamu wa Kijerumani katika nchi yetu. Uko na mwingine, wa michirizi ya kahawia, nao ni mdanganyifu zaidi. Mmea waweza kuonekana mzima, lakini ukikata muhogo wakuta ndani umeoza, mkavu na wa rangi ya kahawia, wala hauliki. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu wa Amani, Harold Storey.

Yeye na mwenzake Nichols walifanya uchunguzi wa batobato, wakatoa maelezo yao mwaka 1938. Walionyesha kwamba ugonjwa huchukuliwa na nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani. Tena husafiri ndani ya pingili tunazopanda. Mtu akikata pingili katika shina gonjwa, amekwisha kupanda ugonjwa.

Wakaanza kutafuta mbegu yenye nguvu. Mihogo waliyoijaribu haikuwa na kinga ya kutosha. Basi wakatazama ndugu wa muhogo, na mmoja alikuwepo karibu, yaani mpira wa Brazili, ule ambao majani yake wengine hupika kisamvu. Wadachi walikuwa wameupanda kwa wingi wapate utomvu. Bei ya mpira ikaanguka mwaka 1913, na mti ukaachwa kama kitu kisicho na maana. Lakini ulikuwa na nguvu ya kushindana na batobato. Wataalamu wakachukua chavua yake wakaitia katika ua la muhogo. Watoto wa kwanza walikuwa na afya, ila mizizi yao haikufaa kuliwa. Wakawazalisha tena na muhogo, na tena, na tena, mpaka wakapata mmea wenye mizizi mizuri na nguvu ya babu yake.

Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1957. Baadhi ya mbegu zilipelekwa Nigeria, na toka miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walizitumia kuzalisha mihogo iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, mihogo yenye asili hiyo ilikuwa miongoni mwa ile iliyorudisha chakula. Hata muhogo uitwao Namikonga, ujulikanao kusini mwa Tanzania kwa kuvumilia michirizi ya kahawia, wataalamu wasema asili yake ni Amani.

Tulisimama kimya. Mzee aliyecheka habari za mkonge akauliza, "Kumbe ule mpira niliokata kwangu nikaona ni takataka, ni babu wa muhogo?" Mwongozaji akajibu, "Wa mihogo mingine, ndiyo, mzee."

MGENI ALIYEKULA NYUMBA

Lakini si kila mgeni alileta heri. Mwongozaji alituonyesha mti mwingine, umenyooka, wenye majani ya kijani yang'aayo. Jina lake la kitaalamu ni *Maesopsis eminii*, na Waganda huuita musizi. Kwao ni Afrika ya magharibi na ya kati, mpaka nchi za Ziwa Victoria. Uliletwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwa wakua upesi na kutoa mbao. Kwao hauna ubaya. Hapa ulikuta ndege hondohondo, ambaye hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Na watu walipokata miti mikubwa ya msitu, mbegu zile zikapata nafasi yenye jua. Leo mti huo umeingia pengi katika msitu wa asili, na kuuondoa ni kazi ngumu sana.

Mwaka 1997 msitu wa Amani pamoja na bustani hii uliwekwa katika hifadhi. Ndiyo sababu hairuhusiwi kuchuma mche wala mbegu na kuondoka nayo. Mmoja wetu alinung'unika kidogo, maana alikuja na mfuko wake tayari. Lakini alipoutazama ule mti wa Waganda, alikunja mfuko akautia mfukoni.

ZAWADI YA MUHOGO

Asubuhi ya pili tulishuka Muheza. Tulipokaribia nyumba ya dada, yule mama akamwambia dereva asimame. Akashuka, akaufungua mzigo wake, akazitazama zile pingili moja moja. Tukamzunguka.

"Nilizikata wakati wa kiangazi," akasema. "Majani yalikuwa yamekwisha kupukutika. Shina gani lilikuwa zima na lipi lilikuwa gonjwa, sijui."

Mzee akasema, "Zawadi haichunguzwi, mama. Dada yako amekwisha ambiwa kwamba waja na mbegu. Ukifika mikono mitupu, utamvunja moyo."

Mwalimu akasema labda zipandwe pembeni, zitazamwe. Mama akafikiri, kisha akasema, "Batobato nitaiona kwenye majani. Huo wa kahawia je? Atauona siku ya kuchimba, na majirani watakuwa wamekwisha kuomba mbegu kwake. Nimletee dada yangu njaa nikiita zawadi?"

Hakuna aliyejibu. Akaufunga mzigo upya. Tulipofika kwa dada yake akamweleza habari yote, kisha pingili zikatiwa jikoni zikachemsha chai yetu. Akampa dada yake debe la maharage aliyokuwa amejiwekea kwa mbegu. Dada hakukasirika. Aliuliza maswali mengi, na kabla hatujaondoka alitupeleka shambani kwake, akatuonyesha mashina mawili yenye mabaka. Tukayang'oa pamoja.

TUFANYEJE NYUMBANI

Wasomaji wapenzi, hatuna vituo vya wataalamu vijijini mwetu, lakini kila jamaa yaweza kufanya machache. Chagueni mashina ya mbegu wakati majani yangali mabichi, myafunge kamba mpate kuyajua baadaye. Shina lenye mabaka ling'oeni mapema, msingoje likue. Siku ya kuchimba, kateni mizizi mtazame ndani. Mkiona kahawia, vijiti vya shina hilo ni vya kuni, si vya mbegu. Mche mgeni pandeni kwanza mahali pa peke yake, mkautazame tabia kabla ya kuwagawia jirani. Na mkiwa na shaka, muulizeni bwana shamba.

Mbegu twapeana kwa upendo, na desturi hiyo ni njema, isife. Ila kabla ya kumpa jirani mbegu, tujue twampa nini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wasema wahenga. Na mbegu mbaya hutembea upesi zaidi ikibebwa na mkono wa ndugu.