Mashua Iitwayo Mimi

Tinde haina ziwa. Ina njia panda: barabara itokayo Shinyanga hugawanyika hapa, mkono mmoja ukashika njia ya Nzega na mwingine ya Kahama, na malori hupita usiku na mchana yakipeleka shehena Rwanda, Burundi na Kongo. Bandari iliyo karibu nasi ni ya Isaka, nayo huitwa bandari kavu. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa chama cha Kiswahili waliponiambia kwamba wanataka kupiga filamu fupi ya vita vya majini, kwa simu mbili na kamera moja ya kuazima, nilicheka. Niliwashauri watafute vita vya nchi kavu.

Mmoja wao, binti mwenye ulimi mkali, akanijibu: “Mwalimu, hivi ni vya nchi kavu. Mashua zenyewe zilivutwa na ng’ombe.”

Alikuwa amesema kweli, na mimi mwalimu wake nilikuwa nimesahau. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za mota kutoka kwao hadi Cape Town, wakazipakia kwenye garimoshi hadi Fungurume huko Katanga, na kutoka hapo wakazipitisha milimani, katika safu ya Mitumba, kwa mashine za mvuke, maksai na mamia ya watu wenye kamba. Baada ya reli nyingine na mto Lualaba zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 9 iliyofuata mojawapo ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Sehemu kubwa ya habari hiyo, basi, ni habari ya vyombo visivyo na maji. Kwa nini isipigiwe Tinde?

Vijana walikuwa wameipata hamu hiyo katika filamu ya zamani, The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kupigwa mwaka 1951 katika Kongo na Uganda. Niliitazama nao upya, safari hii nikiangalia vyombo badala ya nyuso. Mashua inayoibeba filamu haikuundwa kwa ajili yake. Iliundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, na ikafanya kazi miaka mingi katika Ziwa Albert. Nayo manowari ya Kijerumani inayotisha mwishoni, Louisa, ilikuwa tagi la mvuke liitwalo Buganda, mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililozoea kazi zake katika Ziwa Viktoria. Yaani jitu lile la vita ni jirani yetu, mtumishi wa ziwa hili hili tunalolivuka kwenda Ukerewe, aliyeazimwa, akavishwa bendera na kuambiwa akunje uso. Tena kwa picha za karibu walijenga mfano wa mashua juu ya chelezo, ili kamera nzito za siku zile zipate pa kukaa.

Hapo tukapata ujasiri. Kama wenye fedha waliigiza kwa tagi na chelezo, sisi tungeigiza kwa mabanzi na mkokoteni. Mashua za kweli zilikuwa na urefu wa futi 40, karibu mita 12. Yetu ilikuwa mita 6, na tuliijenga ubavu mmoja tu, ule utakaoonwa na kamera. Tulikuwa na omo, hatukuwa na tezi. Mkuku ulikuwa boriti la mkalitusi. Mataruma tuliyapata kwa fundi wa matela, ambaye hakuelewa kwa nini mbao zake zipindwe, ila alipoelezwa kwamba ni mbavu za chombo alizipinda vizuri kuliko tulivyoomba. Upande wa pili, usiojengwa, walisimama vijana wanane wakiushikilia ubavu ule usianguke.

Kisha tukagombana na jina. Kamanda wa Kiingereza, Spicer-Simson, alitaka kuziita mashua zake Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake walipokataa, akaziita Mimi na Toutou, sauti za mapenzi ambazo Wafaransa huwaitia wanyama hao hao. Hakujua, au hakujali, kwamba anakwenda katika nchi ambako neno la kwanza kati ya hayo kila mtoto hulitamka kabla ya kujua kutembea. Katika mazoezi, kijana aliyecheza mjumbe alitakiwa kusema, “Mimi imewasili.” Kila mara alisema, “Mimi nimewasili,” na wote wakaangua kicheko. Nilimsahihisha mara sita. Mara ya saba nikaanza kujiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa akikosea.

Wapenzi wa lugha watanisamehe nikikaa kidogo kwenye maneno, maana ndiko kazi ilikotuchelewesha. Je, boti ya futi 40 ni manowari? Neno hilo tulilipokea kwa Waingereza, ambao kwao lilitaja merikebu kubwa ya vita ya matanga, kama vile meli tulivyoipata katika jina la chombo cha kuchukua barua. Nilishikilia kwamba manowari ni Graf von Götzen, ile meli ya kama mita 70 iliyoundwa Papenburg, ikavunjwavunjwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa tena huko. Ndiyo iliyokuwa mfano wa Louisa katika hadithi. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Tangu 1927 tunaiita Liemba. Mimi na Toutou nilitaka ziitwe mashua, na kwa hilo nilishinda.

Kwa mzinga sikushinda. Tulihitaji mzinga wa kuweka omoni, na hakuna aliyekuwa na bomba la kufaa. Jirani yangu, mzee anayefuga nyuki, akatuazima mzinga wake: gogo lililochongwa ndani likawa tupu, refu kama mkono na nusu. Tulilipaka rangi ya kijivu, nikawaomba radhi wanafunzi kwa kuwapa silaha ya uongo. Yule binti akacheka. Alikuwa amesoma zaidi yangu. Götzen nayo, alisema, ilifungwa mizinga ya mbao. Ile ya kweli, pamoja na mmoja uliotoka katika manowari Königsberg iliyofia Rufiji, ilihitajika kwa vita vya nchi kavu, ikang’olewa. Adui akaendelea kuogopa magogo. Na Waingereza walipoingia katika ngome ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, mizinga waliyokuwa wakiihofu juu ya kuta waliikuta ya mbao vilevile. “Kwa hiyo, Mwalimu, sisi hatuigizi mzinga. Tunaigiza mzinga uliokuwa ukiigiza mzinga.” Sikuwa na la kuongeza. Lugha yetu inayoliita gogo la nyuki na silaha kwa jina moja ilikuwa imetutangulia.

Siku ya kupiga picha ya milimani mzee mwenye mzinga alikuja kutazama. Maksai walikuwa wa shemeji yangu, watulivu, wamezoea plau. Maafisa walivaa kaptula na kusema Kiswahili nilichokihangaikia wiki tatu, chenye vina karibu. Wavutaji kamba ishirini na wanne niliwapa maneno mawili: “Ndiyo, bwana.” Mzee akaomba kuuona mswada. Akasomewa wote, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole:

“Mwalimu, hawa walikuwa mabubu?”

Nikamweleza kwamba kumbukumbu nilizozisoma ziliandikwa na maafisa. Akaniambia kuwa babu yake mzaa baba alichukuliwa upagazi katika vita vile, akiwa kijana, na kwamba alirudi na kovu begani na wimbo wa kuvutia mizigo, lakini hakurudi na jina la jemadari hata mmoja. Wimbo wenyewe mzee hakuukumbuka. Alikumbuka kwamba ulikuwepo.

Nimefundisha ushairi miaka mingi, nami ni mkazi wa nchi ya wapagazi. Kila niendapo Dar es Salaam hushuka Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kikosi cha wachukuzi wa vita vile. Lakini nilipoketi kuandika nilirudia yale yale: nikaujenga ubavu unaoonekana. Sikutaka kubuni wimbo na kudai ndio ule uliopotea. Jioni ile niliandika ubeti wangu mwenyewe, kwa mizani za kawaida, ili wale ishirini na wanne wawe na la kusema:

Chombo chapita porini, bahari hakijaona,
Kamba zimo mabegani, twavuta huku twaguna,
Jina lake ubavuni, majina yetu hapana,
Mimi ni jina la nani, la chombo au la mtu?

Asubuhi iliyofuata waliuimba. Mdundo haukukaa mara ya kwanza, kwa kuwa shairi la kukariri si wimbo wa kuvuta. Palipo na kituo, mguu bado uko hewani. Kijana mmoja akaukata kila kipande kwa “haya!”, na kamba ikakaza. Wale wanane waliokuwa wakiushika ubavu kwa nyuma nao wakaitikia, ingawa hawakuwamo katika mswada. Mwenye kamera akazunguka upande wao bila kuniuliza. Katika filamu iliyokamilika boriti la mkalitusi linaonekana wazi, na misumari, na mikono ya wale wanane. Nilipendekeza tukate kipande hicho. Walipiga kura, nikashindwa.

Mzinga niliurudisha Jumapili. Mzee aliugeuza mara mbili, akaunusa, akaniambia niukwangue rangi yote kabla hajaupandisha mtini, kwa kuwa nyuki hawataingia ndani ya harufu ile. Nimekwangua siku mbili sasa, na upande mmoja bado ni wa kijivu.