Ushahidi wa Mawe

Msomaji mpenzi, ukifika Mombasa, usiitazame Ngome ya Yesu kwa ajili ya historia ya vita peke yake. Inamia mwamba ubebao kuta zake. Mimi niliupita mara nyingi nisiuone. Ndani yake mna alama za matumbawe na makombe, viumbe walioishi chini ya maji. Wamefikaje nchi kavu? Wataalamu wasema kuwa miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Iliposhuka, iliyaacha matumbawe yake, nayo yakawa mwamba.

Tumbawe hai nalo huweka kumbukumbu. Kila mwaka huongeza tabaka jipya, kama mti uongezavyo duara, na tabaka hilo huhifadhi dalili za joto la maji. Tumbawe moja la Malindi lilipopekechwa kwa keekee, lilitoa habari za miaka 194, nazo zashuhudia kuwa bahari imezidi joto. Mwaka 1998 joto lilipopita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe, yakafa.

Bahari ilibadilika zamani kwa maelfu ya miaka; sasa yabadilika katika umri wa mtu mmoja. Tukiyaua matumbawe, msomaji, tutakuwa tumemuua shahidi pamoja na mwenye nyumba.