Pampu ya Gari la Kabureta

Kijana wa duka la spea aliniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akaniuliza pampu ninayotaka ni ya IST au ya Noah. Nikamwambia ni ya Peugeot 504, gari la kabureta. "Mzee, pampu ni pampu," akasema, "zote kazi yake kusukuma mafuta." Simlaumu, kazaliwa nozeli zimeshatawala badala ya kabureta. Lakini kauli hiyo inaweza kuunguza gari na watu waliomo, na mzee muuza spea ambaye asingekubali itamkwe dukani kwake pale Gerezani alifariki zamani.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba. Ukiingia ulipokelewa na harufu ya mpira mpya, grisi na karatasi za gasketi, harufu ambayo hata leo nikiipata popote namkumbuka yeye. Alivaa kofia iliyoshonwa kwa mkono, na hakuuza kitu kabla ya kuuliza. Injini gani? Kabureta ina mdomo mmoja au miwili? Gari linazima likiwa baridi, au likishapata moto? Ukijibu kwa kubahatisha alikurudisha ukaangalie. Pampu ya asili, ile inayosukumwa na kemshafti, aliishika mkononi, akaziba tundu la kuingizia mafuta kwa kidole gumba, akaukandamiza mkono wa pampu, akatega sikio kama inavuta sawasawa.

Enzi za uhaba wa mafuta na spea, zile Jumapili mchana magari yalipozuiwa barabarani, diaframu za pampu zilikosekana na mafundi wakazikata kwenye tyubu za magurudumu. Mpira wa tyubu huvimba kwenye petroli. Ukichanika, petroli inashuka kwenye oili na injini inakufa. Mzee alikataa kuziuza, hata rafu zake zilipobaki tupu.

Pampu ya umeme niliisikia kwake kwanza. Risiti ninayo, inasema 1988. Nilimlalamikia kwamba nikipanda mlima wa Kitonga gari limejaa, linazima. Joto la injini lilikuwa likiigeuza petroli kuwa mvuke ndani ya pampu, na wengi wetu tulisafiri na kitambaa na maji ya kuipoza. Akatoa pampu ndogo ya umeme chini ya kaunta, na kabla hajaniachia akanieleza kwa utulivu mpaka adhuhuri.

Ifungwe nyuma, karibu na tangi na chini yake ikiwezekana, maana pampu ya umeme ni hodari wa kusukuma, kuvuta ni dhaifu. Chujio likae kati ya tangi na pampu. Presha iwe psi 3 au 4, isizidi. Ndani ya bakuli la kabureta mafuta huzuiwa na sindano ndogo inayobanwa na floti tu. Ukiiletea psi 40 na zaidi za gari la nozeli, presha inayoizidi ile ya kawaida ya tairi la gari dogo, sindano inashindwa, bakuli linafurika, na petroli inamwagikia injini ya moto. Umeme upite kwenye fyuzi na rilei, na rilei iamriwe na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo izime. Nilipowasha gari nikasikia tik-tik-tik nyuma, ikipungua kasi kadiri bakuli lilivyojaa. Kitonga nikapanda bila kitambaa.

Kisha yakaja magari ya mitumba kutoka Japani, nozeli zikaenea, mzee akaondoka, na duka likawa la simu.

Kinachonikera si nozeli, ni uzembe. Baadhi ya pampu za siku hizi zinauzwa katika boksi lililoandikwa volti 12 basi, presha haitajwi. Nimeona fundi akiunga waya moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, bila fyuzi wala rilei, akapokea hela yake na kuondoka. Gari hilo likipinduka, pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu akumbuke kuzima swichi.

Ninyi vijana mnaouza spea, mkijiwa na mtu wa gari la kabureta, mwulizeni maswali. Na wewe mwenye gari, usilipie pampu ambayo muuzaji hajui psi yake. Ukiwa umeshafungiwa ya nozeli, usiwashe gari hilo mpaka itolewe.