Kutoka Sinza hadi Kariakoo, kusaka tipu inayoshika chaki

Msomaji wangu, ukitaka kuiona aibu ya mtoto wa mjini, nenda baa yoyote ya Sinza yenye meza ya pool, Ijumaa jioni, usubiri fimbo iteleze. Ule mlio wa "tak!" kila mtu anaujua. Mpira mweupe unajikokota pembeni kama mlevi, warembo wanacheka, na anayesubiri zamu anaanza kupaka chaki hata kabla hujainua mgongo.

Aliyeteleza kazi yake ni moja, kulaumu chaki. Ataitazama, ataipuliza, ataagiza nyingine kaunta. Mimi niliyekaa vijiwe hivi miaka mingi nasema chaki mara nyingi inaonewa bure. Mwenye kesi ni tipu, kile kingozi kidogo cha duara kilichogandishwa kwenye ncha ya fimbo.

Jirani yangu mmoja ni konda wa daladala. Mchana ananing'inia mlangoni, usiku anainamia meza. Baa ya mtaani kwetu ikaandaa mashindano ya mbuzi: mshindi anaondoka na mbuzi, wa pili anapewa mshiko taslimu. Jamaa alikuwa na sababu yake. Anakusanya ada ya chuo cha udereva, ahame mlangoni akashike usukani. Kwenye robo fainali aliponea chupuchupu. Fimbo ilimteleza mara mbili, na mara zote alikuwa amepaka chaki mpaka vidole vikawa vya buluu.

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, akanigongea mlango. "Kaka, twende tukasake tipu ya maana. Jumamosi ni nusu fainali." Nikamwambia poa, twende zetu.

SHUKA TIP TOP!

Tukachukua bajaji mpaka Shekilango, tukapanda mwendokasi kuelekea mjini. Tukashuka kituo cha Manzese Tip Top. Jamaa akacheka peke yake: "Tunatafuta tipu, tumefikishwa Tip Top!"

Manzese hawachezi pool kwa kuzuga. Meza ipo chini ya paa la bati, pembeni kuna jiko la chips, na sarafu zimepangwa ukingoni kuonyesha nani yupo kwenye foleni. Kijana mmoja, kofia ameigeuza nyuma, akaichukua fimbo ya jamaa, akaielekeza juani. "Mshikaji, hii si tipu tena, hii kioo."

Kweli bwana, ilikuwa inang'aa kama kipara. Yule kijana akaipaka chaki, akapiga mipira mitatu, akatuonyesha tena. Chaki ilikuwa imepukutika, pembeni pamebaki ngozi tupu.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Ngozi mpya ina nyuzinyuzi na vitundu vidogo, na vumbi la chaki linakaa humo. Ukiipiga wiki baada ya wiki, nyuzi zinalala, vitundu vinafungwa, uso unakuwa mgumu na laini kama kigae. Paka chaki ya dunia nzima, itadondoka kwa pigo la kwanza.

Na chaki ya pool si ile ya mwalimu ubaoni. Hii tunayoitumia ilitokea Chicago, Marekani, mwaka 1897, pale mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins walipopata hataza ya chaki yenye silika na unga mgumu wa kukwaruza. Kazi yake ni kuleta msuguano. Tipu na mpira vinagusana kwa muda wa kama sehemu moja au mbili za elfu za sekunde. Ndani ya muda huo ama inashika, ama umechekwa.

Kijana wa Manzese akaongeza jingine ambalo wengi hatulitilii maanani. Ukigusa mpira mweupe mbali na katikati, kupita nusu ya njia ya kuelekea ukingoni, utateleza hata tipu iwe ya dhahabu. Kwa hiyo tusiisingizie ngozi kila kitu.

Kisha akamnyooshea jamaa kidole: "Na wewe umekula chips, unashika tipu!" Mafuta ni adui wa chaki. Ukimaliza kuku na mishikaki, nawa kwanza.

KARIAKOO KUNA ZA KILA AINA

Tukarudi kwenye mwendokasi mpaka Msimbazi. Kariakoo ni ileile, mkokoteni unakusukuma, muuza soksi anakuita "boss", na bei ya kwanza siyo bei. Kwenye duka moja la vifaa vya michezo muuzaji akatumwagia tipu juu ya kioo cha kaunta kama mtu anayemwaga karanga.

Nikaziona kwa mafungu. Kuna za kuskurubu, zimeshaunganishwa na kichwa chake. Hizo ndizo zinazojaa kwenye fimbo za baa kwa sababu hata mhudumu anaweza kubadilisha. Nyingi ni ngumu, na chaki haizipendi. Kuna za plastiki ngumu, hizo ni za fimbo ya kufungulia mchezo tu, pale unapotaka nguvu za kutawanya mipira. Ukitaka kuuzungusha mpira kwa hizo, umekwisha.

Kuna za ngozi ya kipande kimoja, kama Elk Master ya Marekani yenye rangi ya kibuluu. Hizi ni laini, zinakunywa chaki vizuri, bei yake haitishi. Ubaya wake hazilingani. Ndani ya boksi moja utakuta nyingine laini kama mkate na nyingine ngumu kama kokwa. Halafu zile laini sana zikipigwa zinatanuka pembeni kama uyoga, kila mara uzikate.

Mwisho kuna za tabaka, ngozi nyembamba zimegandishwa moja juu ya nyingine, kama Kamui ya Japani inayotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Hizi zinatunza umbo muda mrefu na chaki inakaa, ila bei yake jamaa aliposikia aliiweka chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai.

"Kaka, mwenye pesa ndogo hachagui jina, anachagua ngozi," muuzaji akasema, nikamkubali. Akatufundisha kuchagua. Dondosha tipu moja moja juu ya kioo, usikilize. Inayolia kwa sauti kali ni ngumu, inayotoa mlio mzito ni laini. Kisha ibonyeze kwa ukucha. Unataka ile inayokubali kidogo halafu inarudi. Tukadondosha kumi na mbili, tukabakiza mbili za kati, za kipande kimoja. Fimbo ya jamaa ni ya ncha nyembamba, milimita 10, tukachukua zilizozidi kidogo ili zikatwe zilingane.

FUNDI VIATU WA MAGOMENI

Sasa nani wa kuibandika? Jamaa alitaka kufanya mwenyewe kwa gundi ya dukani. Nikampeleka Magomeni kwa mzee mmoja fundi viatu, maana hakuna anayeijua ngozi kama anayeishona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leteni hicho kijiti."

Mzee akang'oa ile ya zamani kwa wembe, akasugua ncha ya fimbo mpaka ikawa bapa, akasugua na tumbo la tipu mpya kwa msasa, maana gundi haikai kwenye uso laini. Tone moja la gundi, akaigandamiza, akatukataza kuigusa. Tukanywa kahawa. Baadaye akakata ukingo kwa wembe, akaipa uso umbo la kuba, mviringo kama ukingo wa sarafu. Tipu bapa inagusa mpira kwa ukingo wake, pale ambapo chaki haipo.

Mwisho akachukua msasa mkali, akaupigapiga juu ya uso kwa upole mpaka ukawa na manyoya madogo kama kitambaa cha jinsi. "Hapa ndipo chaki italala," akasema. "Ikianza kung'aa, fanya hivi tena. Usisugue kila siku, utaimaliza."

Wazo la ngozi kwenye fimbo limetokea Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa ni kapteni wa jeshi, François Mingaud, aliyekuwa kifungoni. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, fundi viatu wa Magomeni anaiendeleza kazi yake bila kumjua.

MBUZI KAENDA, MSHIKO UMEBAKI

Jumamosi baa ilifurika. Nusu fainali, jamaa alibakiwa na mpira mweusi, na mweupe upo umbali wa meza nzima. Ilibidi apige chini ili mweupe urudi nyuma, la sivyo unaingia shimoni. Ndiyo pigo lililomteleza robo fainali. Akapaka chaki taratibu kama mtu anayepaka rangi kucha, bila kuikorogesha kichwani mwa fimbo, maana hiyo inatoboa chaki na kuuacha ukingo mtupu. Akapiga. Mweusi ukazama, mweupe ukarudi kama umeitwa.

Fainali alifungwa. Mpinzani wake kutoka Mabibo alikuwa mkali kuliko yeye, hakuna la kusema. Lakini fimbo haikuteleza hata mara moja. Mbuzi akaenda Mabibo, mshiko ukabaki Sinza, na Jumatatu jamaa alipeleka ada.

Basi masela, kabla hujaidai chaki nyingine kaunta, igeuze fimbo yako uitazame kwenye taa. Ikikurudishia mwanga, tatizo umeliona. Tafuta ngozi ya ugumu wa kati, iwe na kuba, uso wake uwe na manyoya, vidole vyako visiwe na mafuta. Ukiteleza tena baada ya hapo, mwulize mkono wako.