Samaki Mgeni na Maji ya Newala

Wiki hii siandiki juu ya mishono wala mapishi. Naandika juu ya samaki, tena si wa kupaka wala wa kukaanga.

Shemeji yangu kaja kututembelea kutoka Dar es Salaam na samaki wawili wa dhahabu ndani ya mfuko wa plastiki. Kawanunua Kariakoo, zawadi ya binti yangu wa miaka minane aliyemaliza Juzuu Amma. Zawadi nzuri, Mungu amlipe kheri. Lakini ifikirieni safari yenyewe. Basi la alfajiri, Kibiti, Lindi, Mingoyo mpaka Masasi, zaidi ya kilomita 500, mfuko umekaa baina ya miguu yake. Akalala Masasi, na mnaolijua joto la Masasi, lile linalotoka kwenye majabali, hamhitaji kuelezwa. Asubuhi yake gari ya kupandisha Newala, ambako Julai hii ukungu unaingia mpaka jikoni na watu tunafungua duka tumejitanda mablanketi.

Walipofika, mmoja, ambaye binti alishampa jina la Chungwa, amelala chini ya mfuko na mapezi kayabana mwilini. Mwenzake, Embe, yuko juu kabisa, anafungua mdomo na kuufumba kama mtu aliyepanda kilima mbio. Binti akanitazama. "Mama, wanaumwa?"

Nilipokuwa najifunza cherehani Mjini, mwalimu wetu alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na sisi wanafunzi ndio tuliokuwa tunalibadilisha maji. Mama yule hakuwa na mchezo. Kanzu ukiikata upogo atakusamehe, samaki wake ukimmwagia maji ya mfereji moja kwa moja utalala na maneno. Kwake nilijifunza kwamba samaki mgeni mara nyingi haumwi. Kachoka, na maji ndiyo yaliyomchosha. Ukikimbilia dawa unamwongezea mzigo.

Samaki anapumua ndani ya maji yale yale anayochafua. Mashavuni mwake na kwenye kinyesi chake inatoka amonia, ile harufu kali mnayoijua kwenye mkojo uliolala. Mtoni au bwawani maji ni mengi, na kuna bakteria wazuri wanaoigeuza sumu ile kuwa kitu chepesi. Kwenye chombo kipya bakteria hao hawapo bado. Huchukua kama mwezi, au wiki sita, kujijenga. Kwa hiyo wiki za mwanzo samaki anaogelea ndani ya uchafu wake, na sisi tunasema ana maradhi. Samaki wa dhahabu ndiye mbaya zaidi kwa hilo, maana ni mlaji, hana tumbo la kuhifadhia chakula kama sisi, na anachafua kupita samaki wengi wa mapambo. Lile bakuli la duara la kwenye picha, ambalo shemeji alikuja nalo pia, linaingia lita nne. Ni kama kumfungia mtu chooni na kumwambia karibu nyumbani.

Basi bakuli likaenda kabatini, binti akanuna, nikatoa beseni pana la lita 60 ambalo halijawahi kuguswa na sabuni. Halipendezi, lakini mdomo wake mpana unaingiza hewa. Mfuko tuliuacha ukielea juu ya maji ya beseni kwa dakika 20, ili joto la ndani na la nje likaribiane. Kisha tukawa tunatia kikombe kimoja cha maji ya beseni ndani ya mfuko, tunasubiri, tunatia kingine. Maji ya mfukoni hatukuyamimina beseni. Nilikata kipande cha neti ya shela kilichobaki dukani, nikakishonea waya mwembamba, ndio kikawa kiwavu cha kuwahamishia. Siku ile hakuna chakula. Taa tukazima, kanga tukaitupia nusu ya beseni, tukawaacha. Binti alitaka kuwaonyesha watoto wenzake, nikamwambia mgeni aliyetoka safari haonyeshwi kwa watu, anaonyeshwa kitanda.

Hapo sasa ndipo lilipoanza suala la maji.

Dada zangu wa Unguja na Pemba, sisi tukilalamika juu ya maji tunalalamikia mfereji uliokatika siku mbili. Uwanda huu wa Makonde hauna mto wala chemchemi juu yake. Udongo ni mchanga wa kwenda chini sana, mvua ikinyesha inazama, inakuja kutokea huko chini kabisa kwenye miteremko. Mjerumani mmoja, Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika kuhusu taabu ya watu wa hapa kuyafuata maji mabondeni. Kisa alichosimuliwa cha asili ya Wamakonde kinasema wazee wa mwanzo walikatazwa kujenga karibu na maji, maana bondeni ndiko kwenye maradhi, mtoto anayezaliwa huko haishi. Kwa hiyo watu wako juu, maji yako chini, na katikati yake kuna shingo za wanawake. Waingereza miaka ya 1950 waliweka mradi wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka bonde la Kitangari, na mpaka leo bado ni maji ya kupandishwa. Yakikosekana tunanunua kwa dumu, juu ya baiskeli au bodaboda, na kiangazi kikikaza bei nayo inakaza.

Na samaki mgeni anataka kubadilishiwa maji. Si yote, maana ukiyabadilisha yote unampa mshtuko mwengine. Robo kila siku, au baada ya siku moja, kwa wiki kadhaa. Robo ya beseni langu ni lita 15. Hilo ni dumu kasoro robo, kila siku, kwa viumbe wawili wenye urefu wa kidole.

Jirani yangu, bibi mtu mzima ambaye kayabeba maji ya bondeni kichwani tangu hajavunja ungo, alisimama mlangoni akatazama. Hakuniambia neno baya. Alisema tu, "Haya mwanangu, samaki nao wamepata zamu." Nililala na maneno yale.

Maana zote mbili ni kweli. Kiumbe ukishamtia ndani ya chombo chako hana pa kwenda, riziki yake iko mkononi mwako, na sote tumesomeshwa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na ni kweli pia kwamba kumwaga maji mbele ya mtu anayeyapata kwa jasho ni jambo la aibu. Mume wangu alisema tuwarudishe Masasi, kule kuna maji ya Mbwinji. Lakini kuwarudisha barabarani siku ya pili ndiyo kuwaua.

Nikaanza kuhesabu maji ya nyumbani kwetu yanakokwenda, na mengi yalikuwa kwenye udhu. Watu watano, mara tano, kila mtu na kopo lake kubwa, na nusu linaishia kwenye sakafu. Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita na nyengine ya robo, nikaziweka msalani, nikasema haya ndiyo yenu. Watoto walidhani mchezo. Inatosha, dada zangu, jaribuni, inatosha na kubaki. Kwa hesabu yangu ya jicho, maji tuliyopunguza pale peke yake yanazidi robo ya beseni.

Na yale machafu ya samaki hayamwagwi. Ile amonia inayomchoma samaki, mboga inaila kama mbolea. Jioni ninayapeleka kwa jirani, kwenye mchicha wake na miche ya mipapai. Siku ya kwanza alinusa ndoo kwanza. Sasa akiona nimechelewa anagonga.

Maji mapya hayaingii hivi hivi. Ya bomba yana dawa ya klorini, ambayo kwetu inaua vijidudu na kwa samaki inachoma mashavu. Ninayaacha wazi kwenye ndoo pana usiku kucha na mchana wake ndipo niyatumie. Ya mvua yaliyobaki kwenye tangi la bati hayana dawa lakini ni mepesi mno, hayana chumvichumvi za ardhini, na peke yake yanageuka ukali haraka. Ninachanganya nusu kwa nusu. Umeme ukiwepo pampu ndogo ya hewa inafanya kazi, umeme ukikatika binti anachota kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu ili yapovuke, dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Chumvi ya mawe nilitia kijiko cha chai kwa kila lita nne, imeyeyushwa kwanza pembeni, kwa siku za mwanzo tu. Baridi ya Newala, inayotutesa sisi watu wa pwani, ilikuwa upande wetu: samaki huyu asili yake Uchina, anapenda maji ya ubaridi, na maji baridi yanashika hewa zaidi kuliko ya moto.

Nilikuwa nawakagua kila asubuhi baada ya Alfajiri. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi, pamba pamba mwilini, mishipa myekundu kwenye mapezi, magamba yaliyosimama: hivyo ndivyo vya kuogopa, hapo ndipo maradhi yanapotafutiwa dawa yake. Hawakuwa na hata kimoja.

Siku ya tatu Embe, yule wa juu, aliteremka akaanza kupekua pekua chini. Chungwa alikuwa amefariki usiku.

Binti hakulia pale pale. Alikaa chini karibu na beseni mpaka nikachelewa duka. Akaniuliza kama mwenyewe alimwua, kwa kuwa alimfunulia kanga mara moja kumchungulia. Nikamwambia hapana, safari ilikuwa ndefu kwake. Kisha nikamsimulia habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kindege chake akichezea, kindege kikafa. Mtume alipomkuta mtoto kanuna hakupita. Alimwita kwa jina lake la heshima kama mtu mzima, akamuuliza kile kindege kimepatwa na nini. Mtu mwenye shughuli za umma mzima, anamuuliza mtoto habari za kindege. Masheikh wametoa mafunzo chungu nzima kwenye hadithi hiyo, pamoja na ruhusa ya mtoto kufuga ndege. Binti yangu alichokishika ni kimoja: "Kwa hiyo na mimi niulize."

Nikamuuliza. Akanieleza Chungwa alivyokuwa, dakika kumi nzima, mambo ambayo mie sikuyaona. Tukamzika kwenye mchicha wa jirani, kwa idhini yake.

Embe leo ana wiki ya tano. Anakula mara moja kwa siku, kiasi anachokimaliza kwa dakika mbili, na Ijumaa anapewa njegere moja iliyochemshwa na kumenywa. Maji tumeyapunguza, sasa robo kwa wiki inatosha, na sifongo ya kwenye pampu tunaisuuza kwa maji ya beseni lenyewe, si ya bomba, wasije wakafa wale bakteria tuliowasubiri mwezi mzima. Chupa za udhu zimebaki msalani.

Shemeji kapiga simu juzi, anauliza amletee binti mwengine badala ya Chungwa. Nimemwambia alete sifongo ya akiba na pampu ya betri. Samaki tutazungumza mvua zikianza.