Seli Zisizogusana

Nilikulia Buyenzi, hapa Bujumbura, na watu wa mtaa walitarajia niwe mwalimu wa hesabu. Nikawa, kwa kiasi fulani. Lakini miaka yangu mingi ya kazi iliishia kwenye jambo ambalo mama aliwaeleza majirani kwa mkato: "Anahesabu mwani wa ziwani." Hakuwa mbali na ukweli.

Seli za mwani wa Ziwa Tanganyika ni ndogo mno, nyingine hazifiki maikromita 2. Vijidudu huzila, samaki aitwaye ndagala hula vijidudu, samaki mwingine, mukeke, humla ndagala, nasi tunamla mukeke. Mililita moja ya maji ina seli maelfu kwa maelfu, na ziwa lina urefu wa kilomita 670. Kuzifuata moja moja kwa kompyuta iliyozimika kila umeme ulipokatika? Haiwezekani.

Wanafunzi waliniuliza kwa nini basi wanaochunguza uvimbe wa saratani huchora kila seli peke yake. Mwilini seli husukumana, hushikana, na umbo la moja huilazimisha jirani yake. Ndiyo maana watafiti Graner na Glazier, mwaka 1992, walibuni modeli inayoipa kila seli mipaka yake. Ziwani seli hazigusani. Ugomvi wao ni wa kivuli. Ya juu huinyima ya chini mwanga, na fosforasi iliyochukuliwa na moja, nyingine haiipati. Ukijua wingi wao katika kila tabaka la maji, umejua karibu yote ambayo moja inaweza kuifanyia nyingine. Watafiti wengine, Keller na Segel, walishaandika milinganyo ya wingi wa namna hiyo mwaka 1970, wakieleza amiba zinavyokusanyika.

Kilichonichosha ni upepo. Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya vuguvugu yakajaa huku kwetu, na upande wa Mpulungu, Zambia, maji baridi yenye virutubisho hupanda. Upepo ukitulia, matabaka huyumba huku na huku kwa majuma. Usipoyaingiza hayo kwenye modeli, mwani wako utastawi vizuri sana, katika ziwa ambalo halipo duniani.

Mvuvi mmoja wa Kajaga alizoea kunitania: "Mwalimu, kompyuta imesema ndagala wako wapi leo?"

"Samaki haiwajui, mzee. Inajua chakula chao. Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki na ya chini, na chakula kinapungua."

Nikamtajia watafiti waliokadiria, katika jarida la Nature mwaka 2003, kwamba uzalishaji wa chakula hicho umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Akataka kujua walivua kwa nyavu gani. Hawakuvua, nikamjibu, walipima kaboni kwenye tope la sakafu ya ziwa. Alicheka mpaka akakaa chini.