Matumaini Yatokayo katika Huzuni

Mtu atokaye mjini Dar es Salaam kwenda upande wa kaskazini huvuka daraja la Selander, penye mkono wa bahari na mikoko, ndipo huingia Kinondoni. Zamani hapa palikuwa nje ya mji. Leo nyumba zimeshikana hata Mwenge na kupita. Wengi hupita njia hii upesi, wala hawajui ya kuwa katika mwendo mfupi tokea daraja mpaka Msasani yako mambo matatu yawezayo kumfundisha mtu namna ya kumfariji mwenziwe. Twende nayo polepole, wasomaji wapenzi, kwa maana kufariji ni kazi ngumu kuliko tudhanivyo.

Jambo la kwanza liko katika barabara ya Laibon, ambako zamani ulikuwako ubalozi wa Marekani. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa tano kasorobo asubuhi, gari lililojaa baruti lilipasuka mlangoni pake. Gari la kuchukua maji lilikuwa limesimama kati ya gari lile na nyumba, likapokea sehemu kubwa ya kishindo. Hata hivyo watu 11 walikufa, na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Katika waliokufa hapakuwa na Mmarekani hata mmoja; miongoni mwao walikuwako walinzi waliokuwa kazini. Muda huo huo mjini Nairobi ubalozi wa pili ulipasuliwa, na huko walikufa watu zaidi ya 200.

Baadaye, pale pale palipobomoka Nairobi, ilifanywa bustani yenye ukuta ulioandikwa majina ya waliokufa. Dar es Salaam nako, katika Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, palitengwa mahali pa kuwakumbuka wa hapa. Huenda mtu akauliza, Majina yafaa nini, hali wenyewe hawarudi? Jibu ni hili: hesabu haina uso. Ukisema "watu 11", msikilizaji hutikisa kichwa akaenda zake. Lakini ukilitaja jina, umekiri ya kuwa mtu huyu alikuwako, alikuwa na watu wake, na mahali pake pako wazi hata leo. Mfiwa hawezi kupokea neno la matumaini kwa mtu asiyekiri kwanza kilichopotea.

Jambo la pili si mbali na hapo, upande wa Oysterbay, karibu na duka lililojulikana kwa jina la Morogoro Stores. Huko, chini ya mbuyu, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora karibu na mwaka 1968. Hakuwa na shule ya sanaa wala vifaa vya gharama; alitumia mbao nyembamba za mraba na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akachora ndege, chui, tembo na watu. Jamaa na rafiki zake wakaketi pamoja naye wakajifunza. Kisha mwaka 1972 msiba ukawapata: polisi walilidhania gari alimokuwamo kuwa la wezi, wakalipiga risasi, naye akafa.

Wanafunzi wake wangaliweza kutawanyika, maana mwalimu alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Lakini hawakutawanyika. Walirudi kwenye kazi, wakachora kwa namna ile ile na kuifundisha kwa wengine, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaundwa kwa jina lake. Leo picha za namna hiyo huitwa Tingatinga ulimwenguni kote. Wachoraji hawa hawakuandika hotuba ya faraja. Faraja yao ilikuwa kushika brashi tena. Wako wanaofariji kwa kinywa, na wako wanaofariji kwa kutoiacha kazi ya marehemu ife.

Jambo la tatu liko Msasani, katika barabara ya zamani ya Bagamoyo, ulikofunguliwa ubalozi mpya mwaka 2003. Ndani ya kiwanja chake imo kazi ya sanaa ya kuwakumbuka watu wa 1998, iliyofanywa na mchongaji wa Marekani, Bibi Elyn Zimmerman. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema, Matumaini Yatokayo katika Huzuni. Ili tulielewe jina hilo, yatupasa kujua habari ya aliyelitoa.

Tarehe 26 Februari 1993 bomu lilipasuka chini ya majumba marefu ya biashara mjini New York, likaua watu sita. Bibi Zimmerman ndiye aliyepewa kazi ya kuwafanyia kumbukumbu. Akatengeneza chemchemi ya mawe magumu, na majina yao yakachongwa juu yake; ikawekwa mwaka 1995 mahali palipo juu ya pale bomu lilipopasukia. Tarehe 11 Septemba 2001 majumba yale yakaangushwa, na chemchemi ikazikwa chini yake. Katika kifusi kilipatikana kipande kimoja tu, nacho kina herufi za jina moja: John.

Basi, mtu ambaye kumbukumbu aliyoijenga ilivunjwa na msiba mkubwa zaidi, ndiye aliyefanya nyingine kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam. Wazee husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipotaja matumaini, aliyataja baada ya kuona kazi ya mikono yake imekuwa kifusi. Na kwa sababu hiyo neno lake lina uzito.

Mji huu una upande wa kusini pia. Ukifuata njia ya Kilwa utafika Mbagala, wilaya ya Temeke. Huko, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lililipuka, watu zaidi ya 20 wakafa na nyumba nyingi zikaharibika. Tarehe 16 Februari 2011 jambo la namna hiyo likatokea tena Gongo la Mboto. Ni nani awezaye kumwambia mtu wa Gongo la Mboto "pole" ikamfika moyoni, kama si mtu wa Mbagala?

Nanyi waalimu na wazazi, mkifikiwa na msiba, msiseme hamna mawe ya kuchonga. Mnayo kwaya, mnazo ngonjera, mnayo karatasi na kalamu za rangi. Msimharakishe mtoto kwa kumwambia, Nyamaza, yamekwisha. Mwacheni kwanza achore nyumba iliyoanguka, aandike na jina la rafiki asiyekuja tena shuleni. Kisha mfundisheni wimbo, naye awaimbie wenzake waliofiwa. Wimbo huo, hata sauti zikitetemeka, utasikika. Kwa maana waimbaji wanajua wanachokiimba.